Kamera ya Mbele, Kamera ya Nyuma au Mtu wa Kukurekodi? Ulinganisho kwa Wanaozungumza Mbele ya Simu

Wengi wanaotaka kuanza kujirekodi kwa ajili ya TikTok, Facebook au YouTube huuliza kwanza wanunue simu gani. Swali linaloamua mengi zaidi ni hili: simu uliyo nayo utaitumia upande gani, na nani atakuwa nyuma yake? Njia ni tatu. Unaweza kutumia kamera ya mbele huku ukijiona, ukatumia kamera ya nyuma bila kujiona, au ukampa mtu simu akurekodi. Maneno yanaweza kuwa yale yale na simu ile ile, lakini mtazamaji ataona watu watatu tofauti: mmoja anajikagua, mwingine anatangaza, wa tatu anaongea na mtu. Tofauti hiyo huanzia machoni.

Ulinganisho huu unamlenga anayezungumza mwenyewe: muuza mitumba wa soko la Kibuye mjini Kisumu, mwalimu wa hesabu Nakuru, fundi wa pikipiki Kakamega, mpishi wa samaki kando ya ziwa Kisumu. Anayerekodi harusi au mechi ana mahitaji mengine kabisa.

Vigezo

Kila njia tunaipima kwa mambo matano. La kwanza ni macho na uso: je, mtazamaji anahisi unamtazama yeye? La pili ni picha, yaani ukali wake, rangi na umbo la uso. La tatu ni sauti, na hapa hakuna mjadala: mtu huvumilia picha hafifu, lakini sauti isiyosikika anaipita kwa kidole. La nne ni muda na gharama. La tano ni yale yanayoharibika mara kwa mara na sababu zake. Kisha tunaeleza njia hiyo inamfaa nani.

Bei ya simu si kigezo. Simu yoyote inayorekodi 1080p kwa fremu 30 kwa sekunde inatosha, kwa kuwa video ya wima huandaliwa kwa pikseli 1080 upana na 1920 urefu. Dakika moja ya namna hiyo hula takriban MB 60 hadi 130 kulingana na mfumo wa kuhifadhi. 4K, yaani video yenye pikseli nyingi zaidi, hula zaidi ya maradufu, na faida yake huonekana tu kama utavuta picha karibu wakati wa kuhariri.

Kwanza mwanga, maana huo haujali umechagua njia gani

Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Jua huchomoza na kutua karibu saa ile ile mwaka mzima, hupanda haraka, na mchana hukaa utosini. Jua la utosini huacha vivuli vizito chini ya nyusi na pua, na macho hugeuka mashimo mawili meusi. Rekodi nje kabla ya saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi na nusu hadi karibu saa kumi na mbili na nusu jioni. Ukilazimika kurekodi mchana, simama barazani au chini ya paa la kibanda, uso ukielekea nje kwenye mwanga, hatua moja tu kutoka ukingo wa kivuli. Ukirudi ndani hatua nne, mwanga wa usoni unakuwa umepungua sana na simu inaanza kujaza picha chenga, yaani vidoadoa.

Ufuoni Dunga, Kisumu, watu hukosea jambo moja kila jioni. Wanasimama ziwa likiwa nyuma, jua linatua huko huko nyuma, simu inapima anga linalong'aa, na uso unabaki kivuli. Asubuhi, mahali pale pale, ziwa linabaki nyuma yako na jua linakumulika usoni kutoka mashariki. Kama ni lazima upate machweo, mtu akushikie karatasi ya manila nyeupe, kama mita moja mbele ya kifua, ikiinamishwa hadi uone uso unapata nuru. Kwenye msitu wa Kakamega tatizo ni lingine: majani hurudisha mwanga wa kijani, na ngozi inachukua rangi hiyo. Tafuta uwazi ambapo anga linaonekana.

Ndani ya nyumba, kaa ukilitazama dirisha, simu ikiwa kati yako na dirisha, na uzime bulbu. Taa ya manjano ikichanganyika na mwanga wa dirisha, nusu ya uso huwa ya buluu na nusu ya machungwa. Usiku ukitumia taa, kumbuka umeme wetu wa Kenya ni wa 50Hz, na taa nyingi za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Simu inayorekodi kwa kasi ya shata (muda wa kupokea mwanga kwa kila fremu) ya 1/60 ya sekunde hailingani na mpigo huo, ndiyo maana mistari ya giza hupanda na kushuka ukutani kwenye video. Tafuta kwenye mipangilio ya kamera kipengele cha kuzuia kupepesa ukiweke 50Hz, au kama kuna hali ya kitaalamu, weka shata 1/50 au 1/100. Kwenye iPhone, washa mfumo wa PAL (wa fremu zinazoendana na umeme wa 50Hz) kwenye mipangilio ya kamera, kisha chagua fremu 25.

Kwa ngozi nyeusi, ukuta mweupe ni adui. Simu ikiona weupe mwingi hupunguza mwangaza wa picha nzima, na sura inapoteza maumbo yake. Chagua ukuta wa rangi: kijani, buluu, haradali, hata udongo. Bonyeza uso wako kwenye skrini na ushikilie hadi fokasi na mwangaza vifunge, kisha sogeza alama ya jua juu au chini hadi paji la uso lionyeshe umbo bila kumetameta. Zima kipengele cha urembo; kinafuta ngozi, na kwa wengi kinabadilisha rangi pia. Joto la Kisumu hutoa jasho, kwa hiyo uwe na kitambaa na ufute paji la uso kila mara kabla ya kubonyeza kurekodi.

Njia ya kwanza: kamera ya mbele

*Macho na uso.* Ukijiona, macho yatakwenda kwenye sura yako. Hakuna nidhamu inayozuia hilo kwa dakika tatu mfululizo. Simu ikiwa umbali wa mkono, karibu sentimita 50, na unatazama katikati ya skrini sentimita 6 chini ya lenzi, macho yako yanapotoka karibu nyuzi 7, na mtazamaji anaona unamtazama kifuani. Isogeze simu hadi mita moja na nusu, upotofu ule ule unashuka hadi nyuzi 2 na kidogo, na ni vigumu kuutambua. Dawa ya kwanza basi ni umbali, si ujasiri. Ya pili ni kufunika skrini: ukishaweka fremu sawa, bandika kipande cha karatasi juu ya sura yako na uache lenzi peke yake.

Njia hii ina faida ambayo nyingine hazina: programu za kuonyesha maandishi yanayopanda huku ukirekodi. Zitumie simu ikiwa angalau mita moja na robo kutoka usoni, herufi kubwa, safu nyembamba iliyobanwa karibu kabisa na lenzi. Safu ikijaza upana wote wa skrini, macho yatakwenda kulia na kushoto na kila mtu atajua unasoma.

*Picha.* Kamera ya mbele kwenye simu nyingi za bei ya kati na ya chini ina lenzi pana na kihisi (sehemu inayopokea mwanga) kidogo. Ukiikaribia, pua inakua na masikio yanarudi nyuma. Mwanga ukipungua, chenga huja mapema. Nyingi hazina fokasi inayojirekebisha: zimewekwa zione vizuri umbali wa mkono. Ndiyo maana muuza viatu anayesogeza soli karibu na lenzi ili mshono uonekane huishia kuonyesha ukungu.

*Sauti.* Kama simu iko umbali wa mkono na chumba kimetulia, maiki ya simu inatosha. Ukisogea mita moja na nusu kwa ajili ya macho, unahitaji maiki ya shati. Umbali ukiongezeka maradufu, sauti yako hupungua desibeli 6, huku kelele za tuktuk barabarani zikibaki vile vile.

*Muda na gharama.* Hii ndiyo ya haraka kuliko zote. Wazo likija saa mbili asubuhi, saa mbili na nusu video iko hewani. Unahitaji stendi ndogo tu, au vitabu na gundi ya karatasi.

*Yanayoharibika.* Simu hukuonyesha ukiwa umegeuzwa kama kwenye kioo cha ukutani, na nyingine huhifadhi video hivyo hivyo. Jina la duka kwenye fulana linasomeka kinyume. Kipengele hicho huzimwa kwenye mipangilio ya kamera. Jambo la pili ni mkono. Anayeshika simu mwenyewe huishiwa nguvu baada ya sekunde arobaini hivi, simu inashuka, na uso unarekodiwa kutoka chini ya kidevu.

*Inamfaa nani.* Anayetoa taarifa fupi za kila siku, bei za leo, jibu la swali la mteja, na anayesoma maandishi marefu yasiyotaka kukosewa, kwa mfano maelezo ya dozi au masharti ya mkopo. Inafaa pia wiki za kwanza za anayeanza, maana kujiona humpa uhakika kwamba kichwa hakijakatwa.

Njia ya pili: kamera ya nyuma, peke yako

*Macho na uso.* Hapa hujioni. Kwa wengi hilo linatisha siku za mwanzo, halafu linawafungua. Macho hayana sehemu nyingine ya kwenda ila lenzi, ambayo ni nukta moja, na sura inaacha kujipanga. Hatari yake ni ukavu. Mtu anayezungumza na nukta nyeusi mara nyingi hupandisha sauti kama mtangazaji wa mkutano wa hadhara na uso unakakamaa. Chagua mtu mmoja halisi unayemwuzia au unayemfundisha, na useme sentensi ya kwanza kwa jinsi ungemwambia akiwa upande wa pili wa meza. Kama wateja wako ni akina mama wa chama, sema na mmoja wao, si na "wapendwa watazamaji".

Weka uzito kwenye miguu yote miwili, au ukiketi, kaa nusu ya mbele ya kiti. Mgongo ukiegemea, pumzi inapungua na sentensi zinaishia chini chini. Mikono ikae juu ya kiuno ili ionekane ndani ya fremu.

*Picha.* Hapa njia hii inazipita nyingine kwa mtu aliye peke yake. Kihisi ni kikubwa zaidi, fokasi inajirekebisha, rangi ni tajiri zaidi. Simu ikae kimo cha macho yako, mita moja na nusu hadi mbili. Macho yawe kwenye theluthi ya juu ya fremu. Acha robo ya chini bila kitu cha maana, kwa kuwa maelezo ya TikTok hukaa hapo, na upande wa kulia acha nafasi ya vitufe.

Fremu unaiwekaje bila kujiona? Hatua ni hizi. Simamisha ufagio au stuli yenye begi mahali utakaposimama, begi likiwa kimo cha kichwa. Rudi nyuma ya simu, panga fremu, bonyeza begi ushikilie hadi fokasi na mwangaza vifunge. Weka alama ya chaki au utepe sakafuni penye miguu ya stuli. Toa stuli, simama kwenye alama, rekodi sekunde kumi, rudi utazame. Mwangaza uliofungwa kwa begi jeusi huenda usifae uso wako, kwa hiyo chagua begi au nguo yenye rangi iliyo karibu na ngozi yako. Kioo kidogo cha mezani kikiwekwa nyuma ya simu kitakuonyesha skrini yake. Kitumie kukagua fremu tu, kisha kiondoe kabla ya kuanza, la sivyo macho yatarudi kwenye sura.

*Sauti.* Kwa umbali huu maiki ya simu haitoshi, hata sebuleni. Utasikika kama uliye bafuni. Maiki ya waya ya kubana shatini ndiyo nafuu, na inafanya kazi nzuri. Tazama pini yake kabla ya kulipa: yenye mistari mitatu ndiyo ya simu, yenye mistari miwili imetengenezewa kamera kubwa, na kwenye simu huenda isirekodi chochote. Simu isiyo na tundu la mviringo la vifaa vya masikioni itahitaji maiki ya Type-C au kiunganishi. Ibane shubiri moja chini ya kidevu, mbali na mkufu na kola. Simu nyingine za Android huendelea kutumia maiki yake ya ndani hata ukichomeka ya nje. Kwaruza maiki kwa kucha ukirekodi: mkwaruzo usiposikika mkubwa, simu haiitumii. Programu ya bure ya Open Camera hukuruhusu kuchagua chanzo cha sauti kwenye mipangilio yake.

*Muda na gharama.* Maandalizi ya mara ya kwanza hula hadi nusu saa. Ukiacha alama sakafuni na stendi mahali pake, siku nyingine ni dakika tano. Unahitaji stendi inayofika kimo cha macho (zile fupi za mezani zitakulazimu kupanga makreti), maiki, na kitufe cha Bluetooth cha kuanzisha na kusimamisha ili usikimbie mbele na nyuma.

*Yanayoharibika.* Kubwa ni kurekodi dakika nane nzima na kugundua baadaye kichwa kilikatwa au fokasi ilishika pazia. Sekunde kumi za majaribio huondoa tatizo hilo, na hazirukwi hata siku una haraka. Pili ni simu kupigwa: kwenye simu nyingi kurekodi hukatika. Weka hali ya ndege kabla ya kuanza. Kisha washa tena Bluetooth peke yake ili kitufe chako kifanye kazi. Tatu ni lenzi chafu. Kamera ya nyuma hushikwa na vidole kutwa nzima, na mafuta hayo hufanya kila taa itoe ukungu. Ifute kwa ncha ya fulana safi ya pamba.

Nne ni kurudia yote kwa kosa dogo. Ukiteleza, nyamaza sekunde mbili, piga kofi moja, rudia sentensi kutoka mwanzo wake. Wakati wa kuhariri, kofi linaonekana kama mwiba kwenye mchoro wa sauti, na unakata bila kusikiliza video nzima.

*Inamfaa nani.* Mwalimu, fundi, mtaalamu wa kilimo, yeyote anayerekodi mahali pale pale mara kwa mara na anataka video zifanane. Inamfaa pia anayetaka kurekodi vipande vinne au vitano kwa mkupuo Jumamosi na kuviposti wiki nzima.

Njia ya tatu: mtu akurekodi

*Macho na uso.* Sura huwa hai kuliko njia zote, kwa sababu inamjibu binadamu. Akitikisa kichwa unaendelea kwa uhakika, akikunja uso unajua hujaeleweka. Tatizo ni kwamba utamtazama yeye, si lenzi, na macho yataonekana yanapaa juu ya mtazamaji. Mwombe ainue simu hadi kimo cha macho yake, lenzi ikiwa kando ya jicho lake moja. Au amueni mapema kuwa ni mahojiano: akae kando ya simu iliyo kwenye stendi, umtazame yeye muda wote. Kinachochosha ni kubadilisha kila sekunde, lenzi kidogo, rafiki kidogo.

Kuna watu ambao huganda zaidi wakitazamwa na jamaa. Kama dada yako anacheka kila ukianza, au mumeo anakusahihisha katikati ya sentensi, tafuta jirani asiyekujua sana.

*Picha.* Inategemea mikono ya mtu huyo, na mikono hufundishika kwa dakika kumi. Ashike simu kwa mikono miwili, viwiko vikigusa mbavu, magoti yamelegea. Akitembea atangulize kisigino. Asivute picha kwa vidole; asogee kwa miguu, maana kuvuta kwa vidole kunakata ubora. Asigeuze simu kutoka wima kwenda kulala katikati ya kurekodi. Aanze kurekodi sekunde tatu kabla hujaongea na asimamishe sekunde tatu baada ya kunyamaza. Hilo la mwisho wengi hulisahau, na nusu ya neno la mwisho hukatika.

Faida kubwa ni mwendo. Mkononi mwa mtu kamera inaweza kufuata samaki kutoka karai la mafuta hadi sahani, kuzunguka ng'ombe, kuinama hadi kwenye mnyororo wa pikipiki, na kurudi usoni.

*Sauti.* Hapa ndipo njia hii huanguka. Maiki ya simu iko karibu na anayerekodi, kwa hiyo pumzi zake, kikohozi na "mhm" vyote vinakuwa vikubwa kuliko maneno yako. Pia maiki nyingi ziko ukingo wa chini wa simu, pale pale kiganja kinaposhika, na sauti inazibwa. Maiki isiyo na waya inatatua yote mawili. Usitumie ya vifaa vya masikioni vya Bluetooth. Sauti yake ni ya kupiga simu. Alasiri upepo hutoka ziwani, na kwenye ukingo wa kreta ya Menengai, Nakuru, huvuma karibu wakati wowote. Sponji peke yake haiuzuii: vika maiki kofia ya manyoya, na uupe upepo mgongo.

*Muda na gharama.* Muda wa watu wawili lazima ukutane. Mpe nauli, chakula, au malipo mliyokubaliana kabla ya kuanza, hata akiwa ndugu. Msaidizi asiyelipwa chochote huja mara mbili, ya tatu ana shughuli, na ratiba yako ya kuposti inakufa naye.

*Yanayoharibika.* Zaidi ya mikono na sauti, kuna kutoelewana. Wewe unadhani mkono wako ulioshika bidhaa umeonekana, yeye alikuwa usoni. Andikeni orodha ya vipande vitano au sita kabla ya kuanza: uso ukisema bei, bidhaa kwa karibu, mikono ikifanya kazi, mahali kwa upana. Sokoni, mtu anayezunguka na simu hunasa pia sura za watu ambao hawakuombwa. Waarifu wauzaji wa jirani kwanza, na asiyetaka, geuzeni upande. Video ikishapostiwa na mtu akalalamika, hata ukiifuta, wengine wameshaihifadhi.

*Inamfaa nani.* Anayeonyesha kazi ya mikono, anayetembeza watu mahali, na anayeongea vizuri na watu lakini akakauka akiachwa na mashine.

Kwa hali yako

Unauza sokoni Kibuye au Jubilee, peke yako, wateja wanakuja kila dakika. Kamera ya mbele itakutosha kwa maneno, ila bidhaa irekodi kwa kamera ya nyuma, sekunde nne au tano kila moja, uunganishe kwenye programu ya kuhariri ya CapCut. Kibuye hujaa zaidi Jumapili. Rekodi maneno asubuhi kabla spika za wauzaji hazijawashwa.

Unafundisha, na una chumba. Kamera ya nyuma, alama sakafuni, maiki ya waya. Kama nyumba ni ya mabati bila dari, maliza kabla ya mvua ya alasiri, kwani hakuna programu itakayotoa sauti ile baadaye bila kuharibu yako.

Unapika, unafuga, unatengeneza. Mtu akurekodi. Usipompata, simu kwenye stendi ikielekea mikono, na sauti uiweke baadaye ukiwa ndani ya chumba chenye nguo nyingi zilizotundikwa, ambazo humeza mwangwi. Uso wako uonekane mwanzoni tu, sekunde tano, ili wajue ni nani anayewaeleza.

Unaogopa kamera kabisa. Anza na mtu unayemwamini, kwa mtindo wa mahojiano, simu kwenye stendi kando yake ili asiwe na la kushika. Aulize maswali matatu unayoulizwa kila siku na wateja. Baadaye maswali yakatwe, yabaki majibu. Ukizoea kusikia sauti yako mwenyewe, hamia kamera ya nyuma.

Una maelezo marefu yenye takwimu au masharti. Kamera ya mbele na maandishi yanayopanda, lakini sentensi ya kwanza na ya mwisho ziseme bila kusoma, ukiitazama lenzi.

Una simu yenye kamera ya mbele mbovu na huna msaidizi. Usisubiri kununua nyingine. Kamera yake ya nyuma, hata ya miaka kadhaa, mara nyingi itashinda ya mbele ya simu mpya ya bei sawa, mradi kuna dirisha na lenzi imefutwa.

Na kama bado umekwama kati ya mbili, andika sentensi sita kuhusu kazi yako, uzirekodi kwa njia zote tatu siku moja, saa moja, mahali pamoja. Tazama kila video kwanza bila sauti, ukiangalia macho peke yake. Kisha laza simu kifudifudi usikilize tu. Mwombe na mtu mmoja asiyekufahamu afanye vivyo hivyo, bila kumwambia ipi ilirekodiwa vipi, akwambie ni katika ipi alitaka kukuuliza swali.